Famille Nzima

Nikimwona Aristote pale kwenye kona, anatengeneza simu za watu huku anapiga mluzi, navuka barabara nisipite karibu naye. Nitasema kwa nini, ila kwanza niseme juu ya Mama Rabia, maana habari hii ni yake.

Mama Rabia, na Rabia ni jina lake mwenyewe, ni mshonaji. Tunaishi naye parseli moja, ua mmoja, hapa mtaani Kamalondo, mwaka wa kumi na tisa sasa, na sijawahi kuvaa libaya, blauzi ya kitenge, iliyoshonwa na mtu mwingine. Mumewe, Kasimu, alikufa kwa corona mwaka 2021. Akabaki na binti mmoja, Djamila, aliyeolewa huko Luano, na wajukuu wawili. Kila Jumapili walikuja kula kwake. Siku nyingine sita alikuwa anazisukuma tu.

Basi watafiti wa corona, bachercheurs kama tunavyowaita, walipotafuta mtu wa kuwaeleza majirani, alijitolea. Walitaka watu thelathini waliowahi kuugua, kila mmoja atoe kichupa kimoja cha damu. Walitaka kujua kama kinga iliyomo ingetambua pia virusi vya ukoo uleule, vile ambavyo bado viko kwa popo na havijatufikia, ili siku moja ipatikane chanjo moja ya vyote.

Alituita uani, akainua patron, ile karatasi ya kukatia nguo.

“Muangalie. Kitambaa inabadilika: leo wax, kesho bazin. Lakini patron iko moya. Corona na bandugu yake beko vile. Bachercheurs banatafuta ile patron. Bakiipata, vaccin itamaliza famille nzima ya ba virus!”

Hata mimi niliyeacha shule mapema nilielewa. Watu wakaandikisha majina, thelathini kamili.

Aristote alikuwa amesimama nyuma, simu mkononi, anarekodi. Kabla ya jua kuzama sauti ya Mama Rabia ilikuwa imezagaa kwenye simu za mtaa mzima: “Vaccin itamaliza famille nzima!” Mwisho hapo. Yale maneno “ya ba virus” Aristote alikuwa ameyakata, ikasikika kama chanjo itaua familia nzima ya mtu. Nilipomuuliza, akanionyesha meno.

“Ni mchezo tu, mama. Bantu bacheke.”

Mchezo! Mtu anamgeuza mjane kuwa mchawi, kisha anarudi kunywa soda yake. Kinyaa kitupu. Na majirani je? Watu aliowashonea nguo za harusi na za matanga, sasa akipita wanavuta watoto wao ndani. Mmoja alitema mate mbele ya mlango wake. Ilinichefua hata kuwasalimia.

Alhamisi watafiti walikuja na sanduku lao la barafu. Kati ya thelathini walifika wanne, na wa kwanza alikuwa Mama Rabia mwenyewe. Wakakusanya vitu vyao, wakasema watajaribu mji mwingine.

“Haina neno,” aliniambia, pamba bado iko mkononi. “Dimanche batoto banakuya.”

Jumapili akapika tangu asubuhi. Saa saba, hakuna mtu. Saa tisa Djamila akatokea peke yake, akasimama getini bila kuingia. Mimi nilikuwa uani napepeta unga.

“Batoto beko wapi?” Mama Rabia aliuliza.

“Mama, baba yabo anakatala. Anasema habatakula tena kwako.”

“Na weye? Unasadiki ile?”

Djamila akatazama chini. “Ile sauti nilisikia yenyewe, mama. Ni Mama Falonne njo alinitumia.”

Mama Falonne ni mimi.

Niliituma, ndiyo. Jioni ileile, kwa watu kumi na mmoja, na vile vichwa vya njano vinavyocheka nikaviweka chini yake, maana nami nilicheka. Maneno yaliyokatwa niliyajua vizuri, nilikuwa nimekaa mbele kabisa siku ile. Wala sikukumbuka kwamba Djamila yumo kati ya hao kumi na mmoja.

Mama Rabia hakunitazama. Djamila alipoondoka, aliingia jikoni, akarudi na sahani iliyojaa ugali wa bukari, kuku na mboga ya lengalenga, akaiweka juu ya kigoda mbele yangu.

“Kula,” alisema. “Nilipika ya famille nzima.”

Nikamega tonge, nikalitia kinywani. Nikalitema kiganjani.