Farasi wa Tango

Mama yangu alipiga marufuku katuni za Kijapani katika fleti yetu ya Bukoto, hapa Kampala, baada ya mchungaji wake kutangaza kwamba ni milango ya mapepo. Kanisa hilo, ikumbukwe, hutoa mapepo kila Ijumaa, na mengine hujitaja kwa jina na kusema yametoka ziwa gani. Wajapani hawajafika huko. Katika katuni zao mto una roho yake, jiko lina yake, hata mwavuli mkuukuu uliotupwa unaweza kuota jicho na kumdai mwenyewe heshima. Lakini hakuna anayepigiwa kelele atoke.

Mimi katuni hizo ndizo zinazonilisha. Katika kibanda kimoja cha video kule Katwe nakaa na maikrofoni, filamu inakwenda, nami nawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, kwa ajili ya Wakongo wenzangu na Wanubi wanaofanya biashara pale. Kazi yenyewe haidai uaminifu. Mtafsiri wa Kampala asiyetia chumvi huonekana mvivu, na watazamaji humzomea.

Basi nilipopata katuni ya bibi mmoja anayewangoja wafu wake, nikaona nimepata dawa ya mama.

Kaka yangu alirudi kwetu Bukavu kuuza vitenge na hakuonekana tena. Miaka imepita. Ndugu zetu wote wameshakubali. Wanataka tufanye matanga, tumlilie, yaishe. Mama hataki kusikia. Kila Jumapili humpakulia chakula, hukifunika, na jioni huwapa majirani akisema mtoto amechelewa. Niliichukia sahani ile. Kila nilipoiona ilinibidi nimzike kaka yangu upya, peke yangu, huku natafuna.

Nikambembeleza mama kwamba hii ni katuni ya mambo ya ukoo, haina pepo hata mmoja. Ilikuwa mizimu mitupu. Akaketi na Biblia mapajani, tayari kwa lolote, na binti yangu, ambaye ndiye mshabiki mkubwa nyumbani, akakaa kando yake.

Katika katuni hiyo ni zile siku za kiangazi ambazo, kwa desturi ya Wajapani, wafu hurudi nyumbani kutembea. Bibi anawasha moto mlangoni wasipotee njia. Kisha anachukua tango, analichomeka njiti nne: huyo ni farasi, wa kuwaleta mbio. Biringanya nayo anaichomeka vivyo hivyo: huyo ni ng'ombe, wa kuwarudisha polepole, maana kuagana ni kuzito. Katuni yenyewe haielezi lolote. Walioichora wanajua kwamba watu wao wameyaona hayo kwa bibi zao. Mimi ndiye niliyeeleza, tena kwa bidii. Siku ya kuagana, bibi alipomsindikiza kwa macho mwanawe marehemu, nikamsemea kwa sauti ya kilio: "Mwanangu, nimekubali umekufa. Nenda salama. Sitakupakulia tena."

"Huyu mama hakusema vile," mama yangu akanikata. "Kinywa yake iko imefungwa."

Binti yangu akacheka hadi akateleza kutoka kwenye kiti. Uzoefu wote ule, nami nikasahau kutazama mdomo.

"Alisema moyoni," nikajitetea.

"Na weye uliingiaka mu ile roho yake namna gani?"

Nikaongeza sauti ya televisheni. Lakini mama aliitazama katuni hadi mwisho, na Biblia haikufunguliwa, nikajipa moyo. Jumapili iliyofuata alimtuma binti yangu sokoni akalete tango na biringanya. Nilifurahi kupita kiasi. Nikawapigia ndugu simu: mama analainika, waanze kuulizia turubai na viti vya matanga.

Nilipoingia jikoni, farasi alikuwa amesimama mezani kwa miguu ya njiti za kiberiti, kichwa kimeelekezwa ndani ya nyumba, kama mtu anayefika. Mama alikuwa na kisu mkono mmoja na biringanya mkono wa pili.

"Na ng'ombe?" nikauliza.

"Ngombe ya nini?"

"Ya kumrudisha, mama. Ndiyo desturi yao. Akija, sharti arudi."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyowatazama watu waliosoma sana.

"Ulionaka wapi," akasema, "mama anamutengenezea mutoto wake njia ya kutoka?"

Akaikata biringanya vipande vipande, akaitumbukiza kwenye mafuta ya mawese. Nikatoka nje varandani kuwaambia ndugu kwa simu waachane na turubai. Hawakufurahi, na waliniambia mambo ambayo hayafai kuandikwa. Kisha nikarudi mezani, tukamla ng'ombe yule kwa ugali, sisi watatu. Alikuwa mtamu. Na katikati ya chakula nikajikuta nimeacha kutafuna, nimetega sikio kwenye ngazi.