Jina la Kaka Yangu Kwenye Hati

Sebuleni kwetu, mtaa wa Langoni, tulikuwa wanne: mimi; kaka yangu, ambaye ni wakili wa ofisi ya chumba kimoja; mgeni wetu, wakili mkubwa wa Mombasa aliyetaka washirikiane; na nyuma ya pazia shangazi yetu, aliyetumwa na wajane wenzake wa mtaa wa Mkomani wenye kesi ya nyumba zao.

“Hati ya kesi itakuwa na jina langu,” alisema mgeni. “Huyu kaka yako atatafsiri tu maneno ya wajane.”

Kaka akamwongezea kahawa. Mimi nikasema, “Bwana, wajane hawasemi na mwanamume wasiyemjua. Bila jina lake, ndia ya kurudi Mombasa waijua.”

“Na kahawa yetu ushakunywa!” shangazi akacheka.

Mgeni akaliandika jina la kaka chini ya lake, kwa herufi ndogo. Sikusoma sana, lakini udogo nauona. Nikamwambia aandike upya, yalingane na lake, akaandika.

Ikiwa nilikosea kumwambia, mnisahihishe.