Ndoto Niliyompa Mama

Wenzangu mliokulia Bagamoyo kabla ya Wadachi, mnakumbuka mji wetu ulivyokuwa. Misafara ikishuka kutoka bara, njia zote zinajaa wapagazi, vumbi na harufu ya jasho. Asubuhi tulikuwa chuoni, vibao mapajani, tukisoma Kurani kwa kelele mpaka makoo yakauke. Tukitoka tunakwenda kucheza kibe, na mama zetu hutuita mara tatu ndipo twende. Watoto wa siku hizi ukiwaita hukuuliza kwanza kuna nini.

Tulifundishwa pia kwamba jambo likikutatiza, utawadhe, usali rakaa mbili za istikhara, umwombe Mungu akuchagulie. Wakubwa wetu walisema jibu huja ndotoni, nasi hatukuuliza zaidi.

Manowari za Wadachi zilipotia nanga mbele ya mji, nilikuwa na miaka tisa. Majirani walifunga mizigo waende Makurunge. Baba alikuwa bara na msafara, na mama alikuwa na siku kumi na mbili tu tangu ajifungue. Hakujua akimbie na kichanga chake au abaki, baba asije akakuta nyumba tupu. Na kwa kuwa arobaini yake haijaisha, hakuweza kusali. Akanitawadhisha kwa mikono yake, akanivika shuka safi.

"Mwanangu, wewe huna dhambi. Niombee, kisha ulale. Utakachoonyeshwa, niambie vilevile."

Nilisali zile rakaa mbili adhuhuri, nikalala ubavu wa kulia kama nilivyoelekezwa. Nikaamka alasiri. Sikuota kitu. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeiba visheti vya shangazi, basi nikaamini Mungu amekataa kusema nami. Mama alikuwa ameketi kitandani, mtoto kifuani, ananitazama mdomo. Niliona haya mno. Nikamwambia nimemwona baba anaingia ndani, kanzu yake nyeupe.

Mama alilia kwa furaha, akafungua mizigo. Tukabaki.

Siku ya tatu mizinga ilipigwa. Makuti ya nyumba yetu yakashika moto, tukatoka na nguo za mwilini. Mama alitembea mpaka Makurunge huku akivuja damu, na mdogo wangu akafia huko. Baba hakurudi kamwe. Mama alimngojea miaka kumi na mmoja, na kila aliyekuja kumposa alijibiwa, "Mume wangu yu njiani. Mwanangu alionyeshwa." Akafa na imani hiyo, nami sikumwambia kitu.

Nimechoka kulibeba jambo hili. Ukubwani mwalimu mmoja alinieleza kwamba istikhara haidai ndoto: unaomba, unatumia akili yako, na lenye heri Mungu hulisahilisha. Nilimwuliza mara mbili, nikidhani sikusikia vizuri. Laiti tungelijua hilo, mama angeondoka na majirani, maana akili alikuwa nazo.

Juzi mjukuu wangu ameposwa, nikamwambia naye asali istikhara. Hawa wa leo husali kama wanaofukuzwa. Alipoamka nikamwuliza ameona nini. Akapiga mwayo.

"Sikuota kitu, bibi. Chai ipo?"

Enzi zetu hakuna mtoto aliyethubutu kumjibu mtu mzima hivyo. Tulikuwa na adabu sisi, tulikuwa na haya. Nikammiminia chai, nikamtilia sukari nyingi, kisha nikaenda uani kulia.