Hamidou na Mbenga wa Komanda

Ukifika mji wa Kindu ukauliza nyumba ya Hamidou, watu watakutazama tu. Uliza kwa Papa Mbenga, na yeyote atakuonyesha njia. Jina hilo hakujipa mwenyewe, na wengi wanaolitumia hawajui lilikotoka. Wanadhani zamani alikuwa mvuvi. Kumbe Hamidou hajawahi kuvua hata samaki mmoja; maji ya mto Lualaba anayaogopa tangu utoto. Kazi yake ilikuwa kuwalisha samaki.

Alianza kabla ya vita, kwa injeniya mmoja wa reli aliyekuwa na nyumba kubwa karibu na mto. Mtu huyo alipenda samaki kama wengine wanavyopenda mbwa. Sebuleni alikuwa na sanduku la kioo, refu kama kitanda cha watu wawili, lenye mchanga, mawe na mizizi, na humo alifuga samaki wa mtoni. Hamidou aliajiriwa kufagia na kupiga pasi, lakini polepole kioo kikawa mikononi mwake. Injeniya alimfundisha namna ya kuwachanganya samaki wakali na wenzao. Samaki anayeenea kinywani mwa mwenziwe si jirani, ni chakula. Mkali aingizwe wa mwisho, awakute wengine wamekwisha kuzijua pembe zao. Ukileta mgeni, yapange mawe upya, asiwepo wa kusema hapa ni kwangu. Na kubwa kuliko yote, mkali asikae na njaa. Akishiba ataogelea na wenzake kama ndugu wa tumbo moja. Akikosa siku mbili, hakuna jiwe la kumficha mtu.

Mwezi wa kumi wa mwaka 1998 waasi waliingia mjini. Injeniya alikuwa ameondoka siku chache kabla, akamwachia Hamidou funguo na neno moja: "Uwachunge, nitarudia." Hakurudi tena. Nyumba ikachukuliwa na komanda mmoja wa waasi, mtu wa sauti ndogo asiyepiga kelele hata akikasirika. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kioo hadi chai yake ikapoa.

"Nani anachunga hawa?"

"Ni miye, mukubwa."

"Wote ni wapole. Nataka mbenga."

Hamidou alidhani ni mzaha. Mbenga ni samaki wa Lualaba mwenye meno yanayopishana nje ya midomo kama misumari, na hata Wagenia, wavuvi waliozaliwa mtoni, hawapeleki kidole karibu naye kabla hawajampiga rungu.

"Mukubwa, mbenga atamaliza wengine."

"Wewe ndiye unawachunga," Komanda akasema. "Utaleta mbenga. Na wale wengine, asikufe hata moja."

Basi Hamidou alimwendea shemeji yake Idrissa, kaka wa mkewe Mounira. Idrissa alikuwa Mgenia wa mtumbwi, mwembamba, mcheshi, asiyeweza kupita kwa dada yake bila kumbeba mpwa wake Rehema begani. Alicheka sana aliposikia habari ya mbenga sebuleni, lakini baada ya wiki moja akamleta mmoja mdogo, urefu wa kiganja, ndani ya ndoo iliyofunikwa jani la mgomba.

Hamidou alifanya kama alivyofundishwa. Aliwatoa wadogo wote, akabakiza ngege wakubwa na kambale wenye kichwa kigumu. Akayapindua mawe yote. Akatundika kitenge kwenye kioo wiki nzima, mbenga asije akashtuka na kujipigiza. Umeme hakuna, kwa hiyo asubuhi na mchana aliteka maji kisimani, akayamimina kutoka juu, ndoo imeinuliwa hadi kichwani, ili yashuke na hewa. Na kila asubuhi jikoni kwa askari alipewa bakuli: nyama iliyokatwakatwa na ndakala, wale dagaa wa mto. Mbenga alikula, akanenepa, akatulia. Wageni wa Komanda waliletwa kutazama. "Mnaona?" aliwaambia. "Yote ni kujua kuongoza."

Komanda mwenyewe alimpenda ngege mmoja mwenye kifua chekundu. Akigonga kioo kwa pete, yule ngege alikuja mpaka kwenye kidole.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mitatu. Kisha mji ukazingirwa. Ilikuwa mwaka 2002. Mai-Mai, wapiganaji wa vijijini waliowapinga waasi, walikuwa msituni pande zote, waasi walikuwa ndani, na kati yao walikuwa watu wasio na bunduki. Wanawake waliokwenda mashambani hawakurudi, au walirudi na hawakutaka kusema walichotendewa. Muhogo ukaisha sokoni. Rehema alikuwa na miaka minne. Nywele zake zilianza kugeuka nyekundu, miguu ikavimba, akaacha kulia. Kule kuacha kulia ndiko kulikomtisha Mounira.

Asubuhi moja alimzuia mumewe mlangoni.

"Baba Rehema. Ile nyama ya samaki, ingali inakuja?"

"Ni ya Komanda."

"Sijauliza ya nani. Nimeuliza kama inakuja."

"Inakuja."

Mounira alimgeuza mtoto, akamwonyesha miguu.

Siku hiyo Hamidou alirudi na konzi ya nyama chini ya ndoo, juu yake kitambaa cha kusugulia. Kesho yake vilevile. Siku ya nne Bienfait, askari aliyelinda mlango, alikinyanyua kitambaa kwa ncha ya bunduki. Alikuwa kijana wa kutoka Obokote, mashavu yameingia ndani.

"Papa," Bienfait akasema taratibu, "hata miye niko na njaa."

Tangu hapo bakuli liligawanywa mafungu matatu: mtoto, askari, samaki.

Miguu ya Rehema ilianza kupungua uvimbe. Jioni moja alililia chakula, na Mounira akakimbilia nyuma ya nyumba kucheka peke yake. Lakini kule sebuleni mbenga alikuwa ameanza kuzunguka. Hakutulia tena kwenye kivuli chake; alipita na kupita kando ya kioo. Kambale mmoja akapatikana hana mkia. Ngege wawili wakatoweka. Hamidou aliyasogeza mawe, akarudisha kitenge, akamega fungu lake mwenyewe la muhogo na kulitupia majini. Mbenga hakulitazama. Hamidou alijua dawa ni moja tu, na dawa ile ilikuwa tumboni mwa mwanawe.

Asubuhi ya Jumatano alimkuta yule ngege mwekundu vipande viwili juu ya mchanga.

Komanda alikuwa Kalima kwenye migodi, angerudi Ijumaa. Hamidou alikumbuka mpishi wa nyumba aliyevunja redio ya Komanda. Alitiwa katika shimo nyuma ya nyumba wiki tatu, akatoka amebebwa, na mpaka leo anatembea kwa fimbo mbili. Na yeye akiingia shimoni, nani atapeleka konzi ya nyama kwa Rehema?

Alikwenda kwa Idrissa. Kwenda mtoni kulikuwa kumekatazwa. Kila mtumbwi ulihesabiwa kuwa wa Mai-Mai, na askari waliokaa kando ya maji walikuwa na amri ya kupiga risasi.

"Shemeji, nahitaji ngege. Mukubwa, wa kifua chekundu."

Idrissa alicheka, kisha akaona uso wa Hamidou, akaacha.

"Kwa ajili ya kile kioo?"

"Kwa ajili ya Rehema."

Idrissa alitazama nyavu zake zilizoning'inia kavu miezi mingi. "Najua pahali wanalala. Chini ya ule mti ulioangukia maji. Ni karibu. Lakini wale wa bunduki?"

Bienfait aliahidi kuzungumza na wenzake. Akaenda, akazungumza, akarudi akasema wamekubali: Alhamisi alfajiri, mtumbwi mmoja, mtu mmoja. Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba kikosi cha kando ya mto kingebadilishwa Alhamisi hiyohiyo.

Hamidou alisimama ukingoni na ndoo. Kulikuwa kumepambazuka, ungeweza kuona nyumba za Alunguli ng'ambo. Alimwona Idrissa akitupa wavu, akiuvuta, akiinama. Alimwona akiinua mkono mmoja juu kama mtu anayesema nimepata, kisha akigeuza mtumbwi. Risasi zilitoka upande wa juu wa mto. Hazikuwa nyingi. Idrissa alikaa chini ndani ya mtumbwi, polepole, kama mtu aliyechoka, na maji yakamsukuma mpaka kwenye matete, hatua kumi kutoka pale Hamidou alipokuwa.

Hamidou aliingia majini hadi kiunoni, yeye aliyeogopa mto. Ndani ya mtumbwi mlikuwa na maji yaliyochanganyika na damu, na katika maji hayo ngege mkubwa alikuwa akijipigapiga. Kifua chake kilikuwa chekundu. Idrissa alikuwa amefumbua macho. Midomo yake ilitikisika.

Mkono wa Hamidou ulimshika samaki kwanza.

Alimshika, akamtumbukiza ndooni, akaisimamisha ndoo kwenye nchi kavu isimwagike. Halafu ndipo akarudi kwa shemeji yake, akamwinua kichwa. Haikuwa muda mrefu; labda kiasi cha kusema bismillahi mara tatu. Lakini alipomwinua, Idrissa hakuwa akitikisa midomo tena. Kama alitaka kusema kitu, alikuwa ameshakisema kwa maji.

Mounira alikuja akikimbia, watu wawili nyuma yake. Alimwona kaka yake mikononi mwa mumewe. Kisha akaiona ndoo. Alitazama ndoo ile muda mrefu.

Walimzika kabla ya adhuhuri. Baada ya mazishi Hamidou alikwenda kumtia ngege kiooni, akapanga mawe upya. Siku hiyo mbenga alipata bakuli lote. Bienfait hakuthubutu kuomba.

Ijumaa Komanda alirudi, akagonga kioo kwa pete. Ngege mgeni alikimbilia nyuma ya jiwe. Akagonga tena.

"Amenisahau," alisema. Akavua kofia, akaenda kuoga. Hakulitaja tena jambo hilo. Baada ya wiki moja alikuwa akiwaonyesha wageni kasuku.

Mwaka uliofuata amani ikatangazwa, na Komanda akapelekwa Kinshasa kupewa cheo kingine. Askari waliobaki hawakuwa na mapenzi na kioo. Walimpika mbenga na wenzake katika sufuria moja. Bienfait alirudi Obokote, na Hamidou hakumsikia tena.

Rehema alipona. Alikua, akasoma, na leo ni muuguzi huko Lubutu, ana watoto wawili. Kila anayemjua husema ana mkono mwepesi na wagonjwa. Hamidou na Mounira waliendelea kuishi pamoja. Mounira alimpikia mumewe, akamfulia, akamwombolezea mama mkwe wake alipokufa. Lakini habari ya mtoni hawakuigusa. Watu walipouliza, Hamidou alisema, "Nilimufikia akiwa ameisha kufa." Mounira alisikia, akaendelea kusonga bugali.

Miaka ishirini ikapita hivyo. Mwaka juzi Hamidou aliitwa na Madame Philomène, mnunuzi wa madini kutoka Kalima aliyejenga nyumba ya ghorofa mjini. Madame husafiri hadi Dubai, na huko alipenda kioo cha samaki wa bahari, akakileta kwa ndege: mashine, taa za buluu, matumbawe, na magunia ya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, hapa ambapo bahari hakuna aliyeiona. Ndani aliweka chewa mwenye kinywa kama mfuko, na vikande wawili wenye meno ya kuvunja kome. Samaki wadogo wa rangi aliowaweka pamoja nao walikuwa wakipotea mmoja mmoja.

"Wanasema wewe unajua wakali," Madame akasema.

Hamidou alitazama. Chewa naye akamtazama, akifungua na kufunga kinywa.

"Madame, hawa wadogo wanaenea kinywani mwake. Hakuna ufundi wa hilo. Tia kioo katikati, ao uwatoe."

"Nataka waonekane pamoja. Wakiisha, nitaleta wengine. Wako mingi."

Hamidou alitaka kuondoka. Hakuondoka. Paa la nyumba lilikuwa linavuja, na mwanamume wa miaka sitini na tatu hapati kazi nyingine Kindu. Alikubali.

Nyumbani alimwambia Mounira amepata kazi. Mounira alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Kazi gani?"

"Ya samaki. Wale wakali."

Mikono yake ikasimama. Akauliza bila kuinua uso, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Siku ile, Idrissa alikuwa ameisha kufa?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, umelainika kwa kutumiwa. Hamidou alisikia nafsi yake ikijibu kitu kingine.

"Hapana. Alikuwa anatikisa midomo. Nilimushika samaki kwanza. Halafu yeye."

"Alisema nini?"

"Sijui. Sikuwa naangalia."

Mounira alimaliza kuchambua sombe. Alilipika, akalipakua, wakala. Mwisho wa wiki alipanda pikipiki kwenda Lubutu kwa Rehema, na begi moja. Alisema anakwenda kuwaona wajukuu.

Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu aondoke, na hajarudi. Rehema ameuliza mara mbili kwa simu kuna nini, na baba yake amemwambia amuulize mama yake. Kama ameulizwa, na kama amejibu, Hamidou hajui. Kila asubuhi huenda kwa Madame, humlisha chewa vipande vya samaki hadi akatae, ndipo huwarushia wadogo chakula chao upande wa pili. Kwa njia hiyo wanaishi muda mrefu kidogo. Wiki iliyopita walipungua wawili.

Ijumaa baada ya sala Mounira hupiga simu. Humuuliza kama amekula. Hamidou hujibu ndiyo, amekula. Mounira husema, "Haya." Kisha hukata.