Nilifunga vioo gari lisiibiwe, Bosco akafia ndani

Admin, nifichie jina, maana watu wa Butula ni wengi kwenye ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, nimeolewa kwa Wamarachi, huko huko Butula. Kazi yangu ni kuwatolea watu mizigo forodhani hapa mpakani Busia. Mume wangu ni dereva wa trela, na mara nyingi yuko njiani upande wa Uganda. Ninachoandika hapa kimeninyima usingizi tangu mwezi uliopita.

Mama mkwe wangu ni mjane. Anaishi peke yake bomani na mbwa wawili, Bosco na Popi. Bosco aliletwa na marehemu baba mkwe akiwa mdogo wa kubebwa ndani ya koti. Tulipomzika mzee, mbwa huyo alilala juu ya kaburi akakataa chakula, mpaka mama akaenda kukaa naye pale akimbembeleza kama mtoto. Tangu hapo mama alikuwa hali mpaka Bosco ale kwanza.

Basi mwezi uliopita mbwa mwenye kichaa alionekana kijijini, na mama akaniomba niwapeleke wake wadungwe sindano mjini. Alitandika gunia kwenye kiti cha nyuma, akamwambia Bosco, "Enda na Mama Junior, usimsumbue."

Walidungwa vizuri. Nikiwa nawarudisha, mteja akanipigia simu karibu alie. Lori lake la nyanya limezuiwa, makaratasi yana kosa. Nikageuza gari. Nilijiambia ni kuingia na kutoka tu.

Nafasi niliyopata ya kuegesha ilikuwa juani. Kwanza niliacha vioo vya nyuma wazi nusu. Halafu nikakumbuka mwenzangu alivyoibiwa laptop na mtu aliyepitisha mkono dirishani. Laptop yangu na makaratasi ya wateja vilikuwa kitini. Ningeweza kuvibeba, lakini niliona uvivu. Nikapandisha vioo vyote mpaka juu, nikafunga milango.

Kulikuwa na mama anauza nanasi hapo kando. Akaniambia, "Madam, hizo mbwa zitapumua aje? Wacha dirisha wazi kidogo. Mimi niko hapa, siendi mahali, nitakuchungia gari."

Nilimtazama kutoka juu mpaka chini. Moyoni nikasema, labda wewe ndiye unashirikiana na hao wezi. Nikamjibu, "Narudi sasa hivi," nikaenda zangu.

Ndani ya ofisi ya forodha, sistimu ya kompyuta ilikuwa imelala. Tukangoja, tukangoja. Niliwakumbuka mbwa, lakini nikaona nikitoka kwenye foleni nitapoteza nafasi. Nilisikia king'ora cha gari kikilia nje. Hata sikugeuka.

Nilipotoka nilikuta watu wamezunguka gari langu. Yule mama alikuwa ameketi chini, kitambaa kimemtoka kichwani, nanasi zake zimetawanyika. Alikuwa ameng'ang'ana na mlango, ukakataa, akaokota jiwe avunje kioo. Vijana wakamkamata wakidhani ni mwizi. Hakunitukana. Alisema tu, "Fungua, dada."

Nilifungua, joto likanipiga usoni. Popi alianguka nje akihema. Bosco hakuamka. Alikuwa amebana pua yake pale mlango unapokutana na kiti. Mama yule akamwagia Popi maji yake ya kunywa, na mimi, hata asante sikusema.

Njiani kuelekea Butula nikatunga uongo. Nilimwambia mama, "Alianza kutapika njiani. Naona ni kama alikula sumu." Sikutaja mtu. Lakini mama alipiga yowe: "Ni Baba Risper!"

Baba Risper ni jirani. Bosco aliwahi kumlia kuku, naye akasema mbele ya watu kwamba siku moja atamtegea sumu. Yalikuwa maneno ya hasira tu. Nilijua si yeye, nikanyamaza.

Sasa kanisani hakuna anayetaka kukaa naye benchi moja. Watoto wake wanazomewa wakienda kuteka maji. Alinifuata mpaka mjini akaniuliza, "Mama Junior, wewe ndiye ulikuwa na hiyo mbwa. Ilitapika nini?" Nikamwambia mimi si daktari.

Wiki iliyopita mama alianguka shambani, presha imepanda. Baba Risper alifika mbio na pikipiki yake. Mama akamsukuma: "Afadhali nifie hapa kuliko kubebwa na wewe!" Akabaki pale chini mpaka boda nyingine ikaja kutoka sokoni Khunyangu. Ametoka hospitali, lakini mkono wa kulia haushiki kitu. Ninamlisha mimi. Kila kijiko ananiombea baraka.

Nilienda kwa fundi wa chuma akanitengenezea wavu wa dirisha la gari. Kioo kinashuka, hewa inaingia, mkono wa mwizi haupiti. Kazi ndogo tu, angeifanya hata kabla ya haya yote. Popi akiona gari langu linaingia bomani anakimbilia kwenye mihogo.

Mume wangu nilimwambia ukweli kwa simu. Akasema, "Mbwa ameshazikwa. Ukisema sasa utamuua mama na presha, na mimi sitakutetea."

Jumamosi hii wazee wanakaa. Wanataka Baba Risper apige magoti aombe msamaha mbele ya ukoo. Shahidi wao ni mimi. Jana mama alinishika kwa ule mkono wake mzima akaniambia, "Wewe ndiye uliona. Usiniangushe."

Nikisema, naogopa nitamzika mama na ndoa yangu pamoja. Nikinyamaza, mwanaume asiye na kosa atapiga magoti mbele ya watoto wake, nami nimeketi kwenye kiti namtazama. Mnaweza kunitukana, nimestahili. Lakini mkimaliza, nishaurini jamani: Jumamosi nikiitwa nisimame, nifungue mdomo niseme nini?