Siku Mama Alipoalikwa Maktaba

Maktaba yetu ya Kisii mjini ilikuwa chumba kimoja chenye kabati mbili, na kila mwezi palikuwa na mazungumzo ya mgeni. Akaja mwandishi kutoka Nairobi, akaja mshairi kutoka pwani ambaye wafanyabiashara Waislamu wa mjini peke yao ndio waliomwelewa. Sisi wengine tulipiga makofi tu. Mimi nilipanga mabenchi na kuandika kumbukumbu. Mume wangu, karani wa serikali, ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

Nikashauri tumwite mama yangu kutoka Marani. Hakujua kusoma, lakini hadithi zake zilikuwa nyingi, na alianza kuogopa kwamba zitazikwa naye. Nikanunua daftari nipate kuziandika akizitoa. Hata kusimulia mchana, ambako kwetu ni mwiko, alikubali. Sharti lake lilikuwa moja: mkwewe asiwepo. Kwetu Wagusii mama hasimulii mambo ya ndoa na uzazi mbele ya mume wa bintiye. Ni aibu ya kufa nayo, na hadithi zake nyingi zilihusu hayo hayo.

Mume wangu aliahidi kwamba siku hiyo atakuwa Nyamira kikazi. Kisha akasikia kwamba bwana mkubwa wa wilaya, Mzungu, atahudhuria. Basi Nyamira ikasahauliwa.

Mama aliingia amevaa kitambaa kipya kichwani. Alipomwona mkwewe kwenye benchi la mbele, alijifunika uso, akageukia ukutani. Nilimwendea mume wangu, nikamnong'oneza atoke nje kidogo tu.

"Nitoke, bwana mkubwa aone nimefukuzwa na mwanamke?" akasema.

Watu walianza kuguna. Nami, nasema kweli, nilimwonea haya mama badala ya kumwonea haya mume. Nikasema kwa sauti, "Mama, sema basi, watu wanakungoja."

Alinijibu bila kugeuka. "Mwanangu, niseme nini na mkwe yupo? Wewe si unajua?"

Nilijua. Mume wangu alijua pia, kwa maana ni Mgusii kama mimi. Lakini alimwinamia yule bwana akamweleza, huku akitabasamu, kwamba bibi kizee amesahau hadithi zake. Bwana akacheka, na chumba kizima kikacheka naye.

Mama alirudi Marani kwa miguu. Hakukubali nimsindikize. Tangu siku ile sikumsikia akisimulia tena, hata kwa wanangu walipomwomba. Alikufa nazo zote, na lile daftari halikupata hata mstari. Mume wangu nilikaa naye miaka mingi, nikimpikia, nikimchukia.

Jioni ya siku ile mama aliyoondoka, mume wangu aliniita niandike kumbukumbu kama kawaida. Akanitajia maneno, nami nikayaandika: Mgeni wa mwezi huu hakuwa na hadithi. Mwandiko ni wangu, tena niliuandika vizuri.