Mfagizi wa Wavaa Tai Aliyehamia kwa Wavaa Ndala

Jina la Mama Kavu alilipata kwa sababu akishapiga deki hukuti tone la maji sakafuni. Mchapakazi kwelikweli, na kichwa kigumu kama jiwe. Hilo la kichwa alikuwa wa kwanza kulisema mwenyewe.

Miaka mingi alifanya usafi kwenye kampuni ya wavaa tai. Ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha, walikaa wavaa ndala. Wote walitengeneza programu za simu, na walichukiana kama wake wenza. Kwa wavaa tai kila ubao ulifutwa jioni, jicho la ng'ambo lisije likaiba. Ikibaki hata herufi moja, mfagizi anapewa barua ya onyo. Na ruhusa huko ni saini za wakubwa watatu. Dada yake alipofariki, saini ya tatu ilipatikana watu wameshatoka makaburini. Mama Kavu akairudisha ile karatasi ya ruhusa mezani, akavua aproni, akavuka barabara.

"Ukivuka hurudi," mlinzi alimwambia. "Aliyekula na adui hapokelewi huku."

"Nani kakwambia nitarudi?"

Wavaa ndala walimchukua siku hiyo hiyo. Kwao mkubwa hakuna.

"Karibu, rafiki," alisema kijana mmoja mwenye nywele za kusuka.

"Rafiki yako nani? Mama yako mimi namzaa."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Akauliza aanzie wapi, wakamwambia aanzie popote moyo wake unapopenda. Basi moyo ukapenda ukuta wa kioo wa chumba cha mikutano, ulioandikwa kalamu za rangi juu mpaka chini. Akausugua mpaka ukajiangalia wenyewe.

Asubuhi yake akawakuta wamesimama mbele ya kioo kitupu. Ule ulikuwa mpango wa programu mpya, ya kuwawahi wavaa tai sokoni. Waliuandika kwa miezi, kila mtu akiongeza lake, maana kwao hakuna anayefuta cha mwenzake. Picha hakuna aliyepiga. Kila mmoja alidhani mwenzake amepiga.

Mama Kavu akapiga hesabu. Huku atafukuzwa, kule hapokelewi.

Hawakumfukuza. Walivuta viti wakakaa duara, wakamweka na yeye.

"Unajisikiaje?" akauliza yule wa nywele.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kilichotokea."

"Nimefuta. Nilikotoka kikiandikwa kinafutwa. Nigombezeni basi, nikafanye kazi."

"Huku hatugombezani."

"Barua ya onyo je?"

"Barua hatuna."

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Wavaa tai walimtendea ubaya, lakini alijua wa kumkasirikia: yule wa saini ya tatu, mwenye miwani. Hawa wote wanatabasamu. Utajuaje kama umesamehewa, au unasubiriwa uone haya uondoke mwenyewe? Akawatazama mmoja mmoja, na kumbe hata wao hawajui. Walikuwa na hasira, na hasira yenyewe haina pa kukaa.

Akasimama.

"Sikilizeni, wanangu. Kazi naitaka, ila sitailia. Nyumba isiyo na wa kusema hapana mimi siiwezi." Akamnyooshea kidole msichana mmoja mnyamavu, aliyekuwa na macho mekundu. "Wewe. Kuanzia leo wewe ndiye utakayeniambia futa, usifute."

"Mimi? Lakini sisi huku hatu—"

"Umekasirika au hujakasirika?"

Msichana akageuka kulia, akageuka kushoto, anatafuta wa kumwomba ruhusa. Hakumpata.

"Nimekasirika," akasema. "Sana. Kile kioo usikifute tena, mama. Tafadhali."

"Toa hiyo tafadhali."

"Usikifute!"

"Haya. Sasa tumeelewana." Mama Kavu akabeba ndoo yake, akaenda kupiga deki ngazi.